Kitanda, Makochi na Kabati: Wachague Baba na Mama Pamoja

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tuliongea juu ya maji ya kunywa, na wengine wenu mmetutumia maswali. Tunawashukuru. Mwezi huu tunakuja na jambo ambalo huenda likawashangaza, yaani namna ya kununua samani za nyumba: kitanda, godoro, makochi, viti, meza na kabati. Mtu atauliza, manesi na makochi wapi na wapi? Tunaomba kwanza msikilize habari ya mtoto mmoja.

Mtoto huyo, wa miaka minne, aliletwa katika wodi yetu usiku mmoja wa baridi. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na hakuweza kusema maneno matatu bila kupumzika. Ilikuwa ni pumu, na ilikuwa mara yake ya tatu kulazwa katika muda wa miezi miwili. Alipewa oksijeni na dawa ya kuvuta, na kesho yake jioni alikuwa anakimbiza mpira wa makaratasi kati ya vitanda. Shida ni kwamba kila alipoondoka kwetu akiwa mzima, baada ya siku chache alirudi katika hali ileile.

Tulimwuliza mama yake maswali yote tuliyofundishwa kuuliza. Jiko liko wapi? Liko nje, kwenye kibanda. Baba anavuta sigara? Havuti. Mnalala na kuku au paka ndani? Hapana. Nyumba ina unyevu? Imeezekwa kwa bati na sakafu ni ya saruji. Tukaishiwa maswali.

Usiku wa tatu, kama saa nane hivi, wodi imetulia, mama yule alitufuata mezani tulipokuwa tunajaza karatasi za zamu. Akasema kwa sauti ya chini, "Nesi, haya yalianza tulipoleta makochi."

Habari yenyewe ni hii. Baba alipata makochi kutoka kwa mtumishi mmoja aliyekuwa anahama. Ilikuwa seti ya kukaa watu saba, ya kitambaa kizito chenye manyoya. Alikopa fedha, akayanunua bila kumwambia mkewe, akayaleta siku ya kumbukumbu ya ndoa yao ili amfurahishe. Sebule yao ni ya futi 10 kwa 12. Kochi kubwa halikuenea popote isipokuwa chini ya dirisha, na kwa vile mgongo wa kochi ulizuia kulifikia, dirisha likawa halifunguliwi tena. Mtoto naye alilipenda mno kochi lile, akawa analala juu yake kila mchana, uso ameuzamisha kwenye mto.

"Kwa nini hukumwambia mwenzako?" tulimwuliza. Akajibu, "Alikuwa na furaha sana, nesi. Ningemwambiaje?"

Kochi na pumu

Yafaa tueleze kidogo. Ndani ya vumbi la nyumba mna wadudu wadogo sana, wasioonekana kwa macho, ambao hula magamba yanayobanduka katika ngozi zetu. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Lakini kinyesi chao, kikiingia katika kifua cha mtu mwenye pumu, huweza kukifanya kifua kibane. Wadudu hao hupenda mahali palipo na joto kidogo, unyevunyevu na giza, kama vile ndani ya godoro, mito, mazulia na makochi ya kitambaa. Kochi la zamani lililokaliwa na watu kwa miaka mingi huwa limekusanya vumbi hilo kwa wingi, na kulipangusa kwa juu hakulitoi. Chumba kisichofunguliwa dirisha nacho huongeza unyevu, na wadudu hustawi.

Hatusemi kwamba kochi ndilo lililomletea mtoto yule pumu. Pumu ina mambo mengi: urithi, mafua, baridi, moshi, chavua za maua. Tena wapo watoto wanaolala kwenye makochi ya manyoya miaka yote na hawapati hata chafya. Ila kwa mtoto huyu mmoja tuliona ni jambo la kujaribiwa.

Asubuhi baba alifika na chupa ya chai. Tukawaomba wote wawili waingie katika chumba chetu kidogo cha dawa. Tukieleza habari ya vumbi na dirisha, tulimwona baba anabadilika uso. Akasema, "Fedha ile nimekopa kwa ajili yao. Bado nalipa." Halafu akamgeukia mkewe: "Wewe ulijua?" Mama akaangalia chini. Hatukuwa na neno la kusema hapo. Baba hakukosea kutaka kumfurahisha mkewe, wala mama hakukosea kutotaka kumvunja moyo mumewe, na katikati yao mtoto alikuwa anakosa pumzi.

Waliyauza makochi yale kwa hasara. Kwa fundi wakachonga viti vya mbao vyenye mito ya kutoa, ambayo foronya zake zinavuliwa na kufuliwa kila wiki na sponji zake zinaanikwa juani. Dirisha likafunguliwa. Mtoto bado ana pumu na bado anatumia dawa yake ya kuvuta, tena tunamsihi mama asiiache hata mtoto akionekana mzima. Lakini katika mwaka mzima uliofuata alilazwa mara moja tu.

Tuanze na kitanda

Tangu hapo tumekuwa tukiwauliza wachumba na vijana waliooana karibuni swali hili: mtanunua nini kwanza? Wengi hujibu makochi, kwa sababu mgeni akija atakaa wapi? Jibu hilo tunalielewa. Katika mila zetu nyumba isiyo na mahali pa kumkaribisha mgeni ni aibu. Lakini tupige hesabu. Mgeni hukaa saa moja au mbili kwa wiki. Ninyi wenyewe mnalala saa saba au nane kila usiku, yaani karibu theluthi ya maisha yenu. Mwili hauangalii heshima ya sebule. Unaangalia mahali unapolazwa.

Hata hivyo kitanda ndicho kitu kisichochaguliwa na wawili. Kwa kawaida kijana huoa akiwa tayari na kitanda chake cha ubachela, na dada huletwa na sufuria, vikombe na mashuka aliyopewa na shangazi na mashoga zake. Vitu hivyo hukutana chini ya paa moja kama abiria wa basi, kila kimoja na safari yake.

Hata sisi tulifanya hivyo. Tulipooana mwaka 1996 mwenzetu wa nyumbani alikuwa na kitanda cha futi 4 kwa 6, cha kwanza alichonunua kwa mshahara wake. Yeye ni mrefu. Miguu yake ilitokeza nje ya godoro. Sisi tulikuwa na ujauzito wa kwanza, na tuliamka kila siku tukiwa na maumivu ya kiuno, tukaenda zamu tumejishika mgongo. Hatukusema neno, kwa kuwa tulijua anakipenda kitanda chake. Naye, kama tulivyokuja kujua baadaye, hakusema neno kwa sababu alidhani sisi tumekiridhia, na aliona kusema ni kutudai fedha za mshahara wetu wa unesi. Tukavumiliana hivyo miaka miwili. Usiku mmoja tendegu likavunjika, tukajikuta sakafuni wote watatu pamoja na mtoto, na baada ya kuhakikisha mtoto hajaumia tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ndipo tulipoongea. Yaani sisi tunaofundisha wengine kueleza maumivu yao tulingoja tendegu litusemee.

Sasa hesabu ya upana. Futi 4 ni kama sentimita 122. Gaweni kwa wawili, kila mmoja anapata sentimita 61, nafasi ya mtoto. Mama mjamzito, hasa miezi ya mwisho, anashauriwa alale kwa ubavu, na anahitaji mahali pa kuweka mto kati ya magoti yake na pa kugeuka bila kumwamsha mwenziwe. Kitanda cha futi 5 humpa kila mmoja sentimita 76 hivi, na cha futi 6 kama sentimita 91. Lakini msikimbilie futi 6 kabla ya kupima chumba. Katika chumba cha futi 10, kitanda cha futi 6 kikiwekwa katikati kinaacha futi 2 tu kila upande, na bado hamjaweka kabati. Mkikisukuma ukutani, anayelala upande wa ukuta atakuwa anamruka mwenzake kila anapotaka kwenda haja usiku, na mjamzito huenda haja mara nyingi. Kwa vyumba vingi vya kwetu futi 5 inatosha. Kama mmoja wenu ana urefu unaokaribia futi 6, mwambieni fundi aongeze urefu wa kitanda, na godoro mliagize kwa kipimo hicho.

Kimo cha kitanda nacho kinasahaulika. Siku hizi kuna mtindo wa vitanda vya juu sana, na mwingine wa vitanda vinavyokaribia sakafu. Kipimo ni rahisi: kaa ukingoni mwa kitanda chenye godoro lake, nyayo zote mbili zikanyage chini na magoti yawe sawa na nyonga au chini yake kidogo. Kila mmoja wenu akae. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye anatakiwa ageuke ubavu kwanza kisha ajisukume kwa mikono ndipo ainuke, atawaeleza vizuri kuliko sisi mateso ya kitanda cha chini. Na kitanda kirefu mno humwangusha mtoto kwa kishindo kikubwa zaidi.

Wale ambao bado wanalala juu ya mkeka sakafuni tungependa wapate kitanda hata cha kamba, kwa sababu papasi hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, na kuumwa na papasi kunaweza kuleta homa inayokwenda na kurudi. Mkisogeze kitanda mbali kidogo na ukuta.

Godoro na chandarua

Zamani tuliambiwa wodini kwamba mwenye maumivu ya mgongo alale juu ya ubao au godoro gumu kabisa. Wazee wetu wengi bado wanasema hivyo. Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Nusu yao walilalia godoro gumu na nusu godoro la ugumu wa wastani kwa siku 90. Wale wa godoro la wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Hivyo basi ubao tuuache. Lakini godoro lililobonyea katikati kama mtumbwi nalo halifai, maana wote wawili hutelemkia shimoni na migongo hupinda usiku kucha.

Dukani watu hubonyeza godoro kwa kidole gumba, wakaridhika. Kidole hakilali. Ombeni mwenye duka awaruhusu mlale, wote wawili, kwa ubavu na kwa mgongo, hata dakika tano. Mtaona haya kidogo, lakini haya ya dakika tano ni nafuu kuliko miaka saba ya kiuno. Mume mwenye kilo 85 na mke mwenye kilo 50 hawalihisi godoro kwa namna moja. Linalomfaa mke huweza kumzamisha mume mpaka kwenye chaga. Ndiyo maana asiende mmoja. Angalieni pia uzito wa sponji, si unene peke yake. Godoro nene la sponji nyepesi hupendeza dukani na kubonyea mapema, wakati jembamba kidogo lenye sponji nzito hudumu. Chaga za kitanda zikiwa mbalimbali mno, hata godoro zuri litaingia katikati yake, kwa hiyo mwambieni fundi azikaribishe.

Hapa tuna ombi maalumu. Ondoeni nailoni ya godoro siku ileile mnayolileta nyumbani. Tunajua mnaiacha ili godoro lisichafuke. Lakini nailoni hushika jasho, na hatari kubwa ni kwa mtoto mchanga: ikichanika, kipande chake kinaweza kumziba pua na mdomo. Kama mtoto anakojoa kitandani, shoneni kifuniko cha mpira kinachobana vizuri pande zote, na shuka juu yake. Na mtoto mchanga alazwe chali, mahali palipo imara, pasipo na mito. Asilazwe kwenye kochi, na mzazi aliyechoka asikae naye kwenye kochi akasinzia. Mtoto huteleza katikati ya mto na mgongo wa kochi akakosa hewa, wala hatalia kukuamsha.

Kabla ya kuagiza kitanda, kipimeni chandarua mlicho nacho. Jambo hili linawahusu hasa ndugu zetu wa parokia za bondeni, ingawa hata milimani mbu wa malaria siku hizi wanafika. Chandarua kilichokuwa kinatosha kitanda cha futi 4 hakitachomekwa vizuri chini ya godoro la futi 6. Kitabana, mwili utakigusa, na mbu atauma kupitia matundu. Vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu havihitaji kuchovywa tena kama tulivyokuwa tukifanya miaka ya tisini, lakini havitakiwi kufuliwa kwa sabuni kali wala kuanikwa juani. Fundi anaweza kuweka nguzo nne kwenye pembe za kitanda kwa gharama ndogo, na chandarua kikaning'inia sawasawa bila misumari ukutani. Tumewahi kuona kitanda cha thamani kubwa chenye ubao wa kichwani uliochongwa maua mpaka karibu na dari, na chandarua hakikupata pa kupita. Baba wa nyumba hiyo alilazwa kwa malaria mara mbili. Kibatari na mshumaa vikae mbali, kwani sponji na chandarua hushika moto haraka, na moshi wa sponji ni sumu.

Viti vya bibi na babu

Kuhusu makochi hatuna ugomvi nayo, mkishalala vizuri. Ila mkumbuke ni nani watakaoyakalia. Katika nyumba zetu kuna siku mama mzazi wa mmoja wenu atakuja kukaa, na magoti yake yana maumivu. Kochi la chini, laini, linalommeza mtu, kwake ni mtego. Tumeletewa bibi aliyevunjika nyonga baada ya kuanguka akijaribu kujinyanyua kwenye kochi la mwanawe. Mzee anahitaji kiti imara chenye mikono ya kushikia, kikalio kisicho chini ya magoti yake, na kina kifupi ili mgongo ufike kwenye egemeo. Viti vya mianzi wanavyosuka wenzetu wa Tukuyu ni vyepesi na havishiki vumbi kama kitambaa. Vikichongwa kwa kimo kizuri tunavipenda kuliko makochi mengi ya dukani. Hayo ni maoni yetu, msituletee kesi.

Anayenunua makochi yaliyotumika ayapindue mchana kweupe kabla ya kulipa, aangalie kwenye mishono na kwenye pembe za mbao chini. Vidoa vyeusi kama wino ni dalili ya kunguni. Kunguni hawajulikani kueneza ugonjwa, lakini wananyima usingizi na huleta upele wa kukwaruza, na wanaweza kukaa miezi bila kula wakiwangoja. Tafadhali msinyunyizie kitandani dawa ya shambani. Tumeshatibu watu waliopata sumu kwa kuwakimbia kunguni.

Meza ya kioo iachwe mpaka mtoto wa mwisho aache kutambaa. Kabati refu na shokesi la televisheni vifungwe ukutani kwa skrubu, maana mtoto huvuta droo akazifanya ngazi na kabati likamfuata. Katika nyumba yoyote, hata ya chumba kimoja, pawepo kabati dogo la juu lenye kufuli kwa ajili ya dawa, sumu ya panya na mafuta ya taa. Mtoto akinywa mafuta ya taa, msimtapishe, wala msimpe maziwa akatapika, kwa kuwa mafuta yakirudi huingia mapafuni. Mleteni hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Namna ya kukubaliana

Wengi mtasema, haya yote ni sawa, lakini nyumbani kwetu anayeshika fedha ndiye anayechagua. Tunajua. Tunajua pia kina mama ambao, fedha ikiwa mikononi mwao, wananunua shokesi la vioo la kupanga vikombe visivyonywewa hata Krismasi, na baba anakula ameweka sahani juu ya magoti. Kosa halina jinsia.

Kwa upande wetu, baada ya tendegu lile kuvunjika, tulianza desturi ambayo tunawaeleza kama ilivyo, mkiona inafaa mchukue. Tulichukua kamba, tukapima chumba, tukachora kwa chaki sakafuni mahali pa kitanda na mahali pa kabati, tukaishi na michoro hiyo wiki nzima, tukipita kana kwamba vitu vipo. Mara mbili tulifuta. Kila mmoja alisema mahali mwili wake unapouma: yeye miguu, sisi kiuno. Halafu tukaenda kwa fundi wote wawili, siku ambayo hatukuwa zamu, na fedha tuliyokuwa nayo. Hatukutosheka na mninga. Tukachukua paini za Sao Hill zilizokauka vizuri na kupakwa dawa ya mchwa. Fundi alituambia mifumbati iwe minene kuliko tulivyofikiri, tukamsikiliza. Kitanda kilipopakwa vanishi tulikiacha kwake siku kadhaa mpaka harufu ikaisha, maana mtoto wetu wa kwanza alikuwa na kifua chepesi. Kitanda hicho tunakilalia mpaka leo. Godoro tumebadilisha mara tatu.

Mkopo wa samani mwuuangalie pia kwa jicho la afya. Katika kliniki ya shinikizo la damu tunakutana na watu wanaokosa usingizi juu ya kitanda kizuri kwa sababu ya marejesho ya kila wiki. Kama ni lazima kukopa, akope aliyekwisha kumwambia mwenzake kiasi chote, hata kile cha riba.

Na zawadi je? Mume asimshangaze tena mkewe? Amshangaze kwa kitenge, kwa kuku, kwa redio. Kitu ambacho miili miwili italala juu yake miaka ishirini, au ambacho mtoto atavuta pumzi yake humo, kiongelewe kwanza. Na yule aliyeletewa zawadi isiyomfaa aseme mapema, kwa upole, pengine wakiwa njiani kutoka shambani na si mbele ya wageni waliokuja kuitazama. Kwa mfano mke anaweza kusema, "Baba Fulani, asante, nimeona ulivyotufikiria. Ila tangu yaje, naona mtoto anakohoa. Tujaribu kuyatoa nje wiki mbili, tuangalie." 

Mama wa yule mtoto wa pumu alipita kliniki siku chache zilizopita kuchukua dawa. Baba alikuja naye, akambeba mtoto begani ingawa amekwisha kuwa mzito. Deni la makochi wamelimaliza. Sasa, wakatuambia, wanabishana juu ya kabati: mama analitaka lenye vioo, baba analitaka lenye milango ya mbao na kufuli. Tuliwauliza kama wamekwisha kupima ukuta. Hawakuwa wamepima. Tukawapa kipande cha bandeji ya zamani wakatumie kama kamba.